Barua Imekwama Wapi?

  

Wasikilizaji wa Kilosa, leo nimekuja na swali moja tu, nami nitalirudia mpaka mlizoee: barua imekwama wapi?

Nazungumzia barua za kompyuta. Mambo haya mnayajua. Mtu ametuma barua, mwenzake anaapa hajaiona. Au ameiona, lakini haifunguki. Au imefunguka, lakini imejaa alama zisizosomeka. Papo hapo lawama zinaanza. Huyu anasema, "Programu yenu mbovu." Yule anajibu, "Yetu inafanya kazi na watu wote, yenu ndiyo mbovu." Siku tatu zinapita, barua haijafika, na kazi imelala. Mimi nasema hivi: kumtafuta mbovu hakujawahi kufikisha barua. Kinachofikisha barua ni kuuliza imekwama wapi.

Naomba niwarudishe nyuma kidogo, kabla intaneti haijatufikia, kwa watu waliolazimika kuuliza swali hili kila usiku.

Mwaka 1984, mjini San Francisco, Marekani, mpenzi mmoja wa kompyuta aitwaye Tom Jennings aliandika programu akaiita Fido. Vifaa vyake vilikuwa kompyuta ya nyumbani, modemu na laini ya simu ya kawaida. Ukiipigia simu kompyuta yake, kompyuta yako inaingia, unasoma matangazo, unaacha ujumbe wako, unakata ili mwingine naye aingie. Hizo ndizo zilizokuwa mbao za matangazo za kompyuta. Maelfu ya watu duniani walikuja kuziendesha majumbani mwao kwa kupenda tu, bila mshahara. Baadaye Jennings na mwenzake John Madill, aliyekuwa Baltimore, upande wa pili kabisa wa nchi ile, wakataka mbao zao zipigiane simu zenyewe usiku, wakati simu ni rahisi, na kupelekeana barua. Ndipo ukazaliwa mtandao wa FidoNet.

Mtaniuliza, hayo ya San Francisco yanatuhusu nini sisi watu wa bonde la Mkondoa?

Yanatuhusu, tena sana. Kumbukeni kwamba nchi yetu mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta kutoka nje. Hata katazo lilipokwisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na intaneti ya kuunganishwa moja kwa moja, na kupiga simu nje ya nchi lilikuwa jambo la gharama kubwa. Basi ile teknolojia ya wapenzi wa kompyuta ikatufaa kuliko mitambo ya makampuni makubwa. Kwa nini? Kwa sababu haikudai laini iwe wazi mchana kutwa. Barua zinakusanywa, zinabanwa zipungue ukubwa, zinasubiri. Usiku inapigwa simu moja fupi, zinaondoka zote, na za kurudi zinaingia.

Kwa njia hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere, Nairobi, na vyuo vikuu vya Zambia na Zimbabwe viliunganishwa katika mradi wa ESANET, kwa fedha za shirika la utafiti la Kanada, IDRC. Nairobi kulikuwa na kituo cha Fido kwenye shirika la mazingira la ELCI. Addis Ababa, Tume ya Uchumi ya Afrika nayo ilikuwa na chake. London, katika shirika la GreenNet, mama mmoja aitwaye Karen Banks aliendesha lango ambalo barua za Fido kutoka Afrika zilipitia kuingia kwenye mitandao mingine ya dunia.

Madaktari nao walikuwa na HealthNet, iliyoanzishwa na shirika la SatelLife la Dk. Bernard Lown, bingwa wa maradhi ya moyo wa Marekani. Kwetu Tanzania kituo chake kilikuwa Muhimbili. Madaktari wa upasuaji wa Tanzania, Uganda na Msumbiji waliutumia mtandao huo kushauriana namna ya kuwatengeneza watu walioungua moto. Hebu fikirini hilo kidogo. Mgonjwa yuko kitandani, ngozi imeungua, na daktari anasubiri ushauri wa mwenzake aliye nchi nyingine, unaokuja kwa kompyuta mbili zilizopigiana simu usiku wa manane. Barua ile ikikwama, si mchezo wa wapenzi wa kompyuta tena.

Na zilikwama. Zilikwama sana. Kwa sababu mbao hizo hazikutumia programu moja. Fido ya Jennings ilifuatwa na programu nyingine nyingi: hii inapokea simu, ile inapanga barua, nyingine ni ya kuziandika na kuzisoma. Kila mwenye kituo alichagua aipendayo, na kila mtunzi wa programu alikuwa na mawazo yake. Hapo ndipo lawama zilipoanzia.

Wasikilizaji, kabla sijaendelea, ngoja niwapeleke Kidatu. Mnaijua reli yetu ya tawi, ile inayotoka Kilosa, ikapita Mikumi, ikashuka Kidatu. Hapo inakutana na reli ya TAZARA inayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Zinakutana, lakini treni ya huku haiwezi kuendelea kule. Reli yetu ya Kati ina upana wa milimita 1,000 baina ya chuma na chuma. TAZARA ina 1,067. Tofauti ni milimita 67, haifiki upana wa kiganja cha mtu mzima, na inatosha kabisa kusimamisha treni nzima. Sasa niambieni, ni reli ipi iliyo mbovu? Ya Kati ilijengwa na Wajerumani, na upana wake unalingana na reli za Kenya na Uganda. TAZARA ilijengwa na Wachina wakishirikiana na Tanzania na Zambia, nayo inalingana na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Kila moja ni sahihi kwenye mtandao wake. Kilichohitajika ni mahali pa kuhamishia mizigo kutoka behewa la huku kwenda behewa la kule, na watu wanaojua kazi ya kuhamisha. Mahali hapo pakawekwa Kidatu. (Na sasa umekuja upana wa tatu, ile SGR ya milimita 1,435 inayopita hapa Kilosa kwenda Dodoma tangu mwaka 2024. Kazi ya kuhamisha bado tunayo.)

Na mbao za kompyuta zilikuwa hivyo hivyo. Kila programu sahihi kwake, na tatizo linakaa pale zinapokutana.

Haya, tuifuate barua moja. Tuseme inatoka Dar es Salaam inakwenda Nairobi au London.

Ya kwanza ni simu yenyewe. Laini ina kelele, inakatika. Hilo sitalikalia, maana dawa ilipatikana: ikaja namna ya kupitisha mafaili iitwayo Zmodem, ambayo simu ikikatika katikati ya faili, mkipigiana tena inaendelea pale ilipoishia. Tuendelee mbele, kwenye mambo yaliyoumiza vichwa.

Kuna anwani. Dunia ya Fido iligawanywa kwa kanda. Kanda ya 1 ni Amerika ya Kaskazini, ya 2 ni Ulaya, Afrika ikapewa kanda ya 5. Ndani ya kanda kuna mitandao midogo, na ndani ya hiyo kuna vituo, kila kimoja na namba yake. Inaonekana safi. Lakini utaratibu wa kwanza wa kufunga barua ulibuniwa kabla kanda hazijakuwapo! Mle ndani palikuwa na nafasi ya namba ya mtandao mdogo na namba ya kituo, basi. Namba ya kanda haikuwa na pa kukaa. Wakafanyaje? Wakaiandika kwenye mstari uliofichwa ndani ya barua yenyewe, ambao msomaji hauoni lakini programu inausoma. Programu mpya ziliujua mstari huo. Za zamani hazikuujua, zikaupita tu. Matokeo yake, barua ya Afrika ikifika kwenye kituo chenye programu ya zamani, ama inarudishwa kwamba anwani haijulikani, ama inapelekwa kwenye kanda nyingine kwa mtu mwenye namba zilezile.

Mwoneni yule mtumaji. Anwani ameandika sawasawa. Mpokeaji anasubiri sawasawa. Barua haifiki. Nani mbovu? Hakuna. Imekwama wapi? Imekwama kwenye kituo cha kati, kwenye mstari mmoja ambao programu haikufundishwa kuusoma. Ukiuliza swali la kwanza utagombana mwaka mzima. Ukiuliza la pili, jioni moja inatosha.

Kuna kubana. Nimesema barua zilibanwa ili simu iwe fupi, kwa maana kila dakika ililipiwa. Kwa miaka kadhaa wote walibana kwa programu iitwayo ARC, ya kampuni ya Thom Henderson huko Marekani. Akatokea Phil Katz na programu yake iliyobana upesi zaidi. Mwaka 1988 wakapelekana mahakamani. Wapenzi wengi wa mbao wakachukia, wakaiacha ARC, wakahamia kwenye ZIP ya Katz iliyotoka mwaka 1989. Ile ZIP tunayoijua mpaka leo kwenye simu zetu, chimbuko lake ni hapo. Sasa angalieni jambo lililojificha. Furushi la barua za Fido lilipewa jina linaloonyesha siku ya wiki, la Jumatatu lina herufi zake, la Jumanne zake. Jina halikusema limebanwa kwa programu gani. Kituo kimoja kimehamia ZIP, cha pili bado kina ARC. Simu inapigwa, furushi linapita salama, pande zote mbili zinaandika "limepokelewa". Asubuhi hakuna barua hata moja ya kusoma. Aliyetuma ana ushahidi kwamba imefika, aliyepokea ana ushahidi kwamba hana kitu. Wote wawili wanasema kweli.

Hapa napenda tukae kidogo, maana ndipo mafundi wengi hushindwa, hata wa leo. Neno "imefika" lina hatua nyingi ndani yake. Imefika kwenye mashine? Imefunguliwa furushi? Imepangwa kwenye sanduku la mwenyewe? Imesomeka? Fundi wa zamani alikuwa na daftari, yaani kumbukumbu ambazo programu yenyewe inaziandika kila inapofanya jambo: saa fulani nimepigiwa, saa fulani nimepokea faili, saa fulani nimejaribu kulifungua nikashindwa. Aliomba daftari la upande wa pili pia. Akayaweka mawili sambamba, akaanza kusoma kwa saa. Mahali yanapoacha kukubaliana, barua imekwama hapo.

Halafu kuna lango. Mtu wa Fido anataka kumwandikia mtu wa intaneti. Nafasi ya jina la mpokeaji kwenye barua ya Fido haikuzidi herufi 36, na anwani nyingi za intaneti hazikuenea humo. Basi utaratibu ukawa hivi: barua unaiandikia lango, na kwenye mstari wa kwanza kabisa wa barua yako, kabla ya salamu, unaandika anwani kamili ya unayemkusudia. Ukitanguliza "Ndugu mpendwa", barua inafika langoni na kulala pale. Wastaarabu wetu, watu wa salamu kwanza, nadhani mnaona ugumu wake! Fundi aliyejua alimuuliza mtumaji jambo moja, "Mstari wako wa kwanza umeandika nini?" Mara nyingi hilo lilitosha.

Sasa mtauliza, kama programu zilitofautiana kiasi hicho, mtandao ule uliishije? Uliishi kwa sababu walikubaliana jambo moja na kuliandika. Mhandisi Randy Bush wa Oregon, yuleyule aliyesaidia barua za kwanza za Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika Kusini kupita kwenda duniani, ndiye aliyeandika waraka wa kiwango cha chini cha FidoNet. Waraka huo ulisema, kwa ufupi: weka programu uipendayo, ongeza ufundi wowote uutakao, lakini kila kituo lazima kijue kupokea na kutuma kwa njia hii moja ya msingi, hata kama ni ya polepole. Tena kukawa na saa moja maalumu usiku ambayo kila kituo katika kanda kilipaswa kupokea barua za wenzake.

Narudia hapo, maana nalipenda jambo hili. Hawakulazimishana kutumia programu moja. Walilazimishana kuwa na njia moja ya chini ambayo wote wanaijua. Vituo viwili vikishindwana kwa njia za kisasa, vinashuka kwenye ile ya msingi, na barua inakwenda. Kwa fundi hiyo ilikuwa silaha. Zima mapambo yote, acha kubana, tuma barua moja fupi ya majaribio kwa njia ya msingi. Ikienda, unajua simu na anwani ni nzima. Kisha rudisha kitu kimoja. Jaribu. Rudisha kingine. Jaribu. Kile kitakachoifanya barua ikwame tena, ndicho chenyewe. Anayebadilisha vitu vitano kwa pamoja, barua ikienda hajui kilichoiponya, na ikikwama tena wiki ijayo anaanza upya.

Haya, tutoke kwenye mbao, turudi nyumbani leo. FidoNet haikudumu kwetu, intaneti ilipofika katika miaka hiyo ya 1990 ikaifunika. Je, kushindwana kwa programu kumekwisha?

Mpokea wageni wa hoteli pale Mikumi, karibu na mbuga, ananielewa nikitaja faili liitwalo winmail.dat. Wakala ametuma orodha ya wageni, yeye anaona kiambatisho chenye jina hilo, na hakifunguki. Anadhani ni kirusi, anakifuta, na wageni wanafika bila vyumba. Kirusi hakipo. Programu ya Outlook ya wakala imefunga barua kwa namna yake ya ndani ambayo programu nyingine nyingi haziielewi. Dawa ipo kwa mtumaji: abadilishe mpangilio wa barua zake, achague maandishi matupu au HTML, kisha atume upya. Dakika mbili. Lakini lazima mtu ajue kwamba barua imekwama kwenye kufunga, haikukwama kwenye intaneti wala kwenye kompyuta ya hoteli.

Na afisa mifugo wa Kilosa ananielewa nikisema ng'ombe. Ripoti imeandikwa vizuri, ikafika mkoani, na kila penye ng'ombe pana herufi a yenye kofia, alama ya Euro, na vijiherufi TM. Ng'ombe wote wameharibika! Kisa ni kile kialama katikati ya g na o. Kompyuta ya mwandishi imekigeuza kuwa kile kilichopinda, na kilichopinda huhifadhiwa kwa vipande vitatu. Programu ya mpokeaji inasoma kwa utaratibu wa zamani, kwa hiyo kila kipande inakifanya herufi peke yake. Kiswahili chetu kwa jumla kina bahati, herufi zake ni zile za kawaida na hupita popote. Warusi kwenye FidoNet walipata shida kubwa kuliko hii: herufi yao kubwa ya sauti ya N ilikuwa na namba ambayo programu nyingi za Fido ziliihesabu kama alama ya kumaliza mstari, zikaimeza. Wakazoea kuandika H ya Kilatini mahali pake, kwa kuwa inafanana nayo. Sisi kwetu kinachosumbua ni hicho kialama tu, na dawa yake ni kumwomba mpokeaji achague UTF-8, utaratibu wa kisasa, anapofungua ripoti.

Muda wetu unakwisha, nami nina jambo la kuwaachia mikononi. Barua yako ikirudi na maelezo marefu ya Kiingereza, usiyafute. Watu wengi huyafuta kwa hasira, kisha wanamwendea fundi mikono mitupu na kusema "haiendi". Ndani ya maelezo yale mna jina la seva iliyoikataa, na hapo ndipo ilipokwama. Mna pia namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 4, tatizo ni la muda, pengine seva ya mwenzako imeelemewa, na kwa kawaida barua hujaribiwa tena yenyewe kwa muda. Ikianza na 5, imekataliwa, hata uitume mara kumi haitakwenda mpaka kitu kibadilishwe: anwani ina kosa, au kiambatisho ni kikubwa mno, au seva ile haiiamini seva yenu. Mpelekee fundi maelezo hayo yote, toka mstari wa juu hadi wa chini, na saa uliyotuma. Na wewe fundi kijana uliyetoka VETA ukanisikiliza hapo Mikumi, mteja akikuletea karatasi hiyo, anza kuisoma kwenye ile namba.